Pembe ya Ng'ombe na Makabati ya Mabingwa

Mimi Mwaja Chilewa nimestaafu mwezi uliopita. Kazi yangu ilikuwa kuosha mikasi ya kupasulia watu, kuifunga kwenye vitambaa vya kijani na kuitia kwenye mashine ya mvuke. Kisu sikuwahi kushika mbele ya mgonjwa, na shule yangu iliishia darasa la nne, lakini madaktari wa upasuaji niliowaona wakiwa wanafunzi nikianza kuwataja wote kwa majina daftari hili litaisha. Daftari kaninunulia Sista Happy, inchaji, yaani msimamizi, wa thieta, chumba cha upasuaji. Alisema, "Bibi, andika. Hawa wahudumu wapya hawajui hata kwa nini seti kubwa ya vifaa vya tumbo haipunguzwi." Basi nawaandikia ninyi mliobaki thieta, kwa ajili ya seti hiyo, na kwa ajili ya Zaituni wa Busi, ambaye nusura afe kwa kukosa daktari katika hospitali iliyojaa madaktari.

Nianze na siku ya kwanza. Nilikuwa nafagia wodi ya wazazi. Mhudumu wa thieta, Eliwaza, akaumwa mgongo, nikahamishwa kwenda kumshikia kwa siku mbili. Siku mbili zenyewe ndizo zimeisha mwezi uliopita. Aliyenipokea ni Sista Domina, Mgogo mwenzangu, mfupi, hacheki ovyo. Akanipa ndoo yenye kifuniko akasema nipeleke kwenye tanuri. Nikaiona nzito.

"Sista, humu mna nini?"

"Mguu."

"Wa nani?"

Akaacha alichokuwa anafanya. "Wenzako wote waliniuliza wa nini. Ni wa mzee Lameki wa wodi namba tatu. Umeoza kwa sukari."

Nikaubeba mguu wa mzee Lameki kwa adabu, nikampa pole njiani ingawa mwenyewe alikuwa wodini amelala. Toka siku hiyo sijawahi kubeba kitu cha mtu bila kujua jina lake, na jina nikishalijua halitoki.

Vifaa vya thieta vina majina ya wazungu waliokufa zamani. Kiingereza sikuwa nacho, kwa hiyo Domina alinifundisha kwa vidole. Ananifunga macho kwa kitambaa, ananiwekea chuma kiganjani. Hiki? Cha kubana mshipa unaovuja. Hiki? Cha kushikia utumbo, meno yake laini, hakiumizi. Na hiki kipana kama koleo la mkaa? Cha kuvutia ukingo wa tumbo ili daktari aone ndani. Nikikosea ananigonga kichwani na kijiko cha supu alichokiweka kwa kazi hiyo tu. Nilijifunza upesi.

Alikuwa na masharti mawili. La kwanza, gozi, vile vitambaa vya kufyonzea damu, zihesabiwe kwa sauti kabla na baada, hata kama daktari amenuna. La pili, seti ya tumbo iwe kamili wakati wote, imefungwa, imechemshwa, ipo rafu ya kati mahali mtu anaweza kuifikia akiwa anakimbia. "Mwaja," alikuwa ananiambia, "tumbo halipigi simu kwamba linakuja."

Wakati huo daktari wa upasuaji alikuwa mmoja, Daktari Mathayo. Asubuhi anatoa ngiri, saa nne anaunga paja la mtu aliyeanguka na pikipiki, saa sita anatoa mtoto, saa nane anakula ugali na mlenda, anarudi kukata goita, uvimbe wa shingo. Alikuwa akiingia anatusalimu wote, "Mbukwenyi," anauliza nani yupo mezani. Tukimwambia ni mkojo, anapasua mkojo. Sikuwahi kumsikia akisema mgonjwa huyu si wangu. Sasa msije mkadhani nasifia zamani kwa sababu ya uzee. Daktari Mathayo alikuwa na miguu yake aliyoiunga ambayo mpaka leo inatembea upande upande mjini hapa, na wenyewe nawajua: Nason wa Kikuyu, na yule mama Tabitha muuza karanga. Kwa hiyo walipoanza kuja madaktari waliosomea mifupa peke yake, mimi nilifurahi, na Nason pia, ingawa kwake walichelewa.

Halafu wakaja wanafunzi. Si wale wadogo wanaozimia wakiona damu, hapana, ni madaktari kamili wanaosomea ubingwa wa upasuaji, tunawaita marezidenti. Walikuja kusomea upasuaji wote kwa ujumla, na kabla ya kumaliza lazima wazungushwe: miezi miwili mkojo, miezi miwili mifupa, miezi miwili watoto, na kadhalika, ili waonje kila kitengo.

Tatizo la kuonja ni kwamba walikuwa wanageuka. Mimi nilikuwa najua rezidenti yuko kitengo gani kabla hajafungua mdomo. Wakiwa mifupa wanatembea wametanua mabega kama mafundi gereji, na wanaomba nyundo kwa sauti. Wakiwa upasuaji wa watoto wanaongea taratibu kwa upole hata na walinzi wa getini. Wakiwa mkojo hawakai mezani bila kuuliza watu wanaamka mara ngapi usiku, na hapo sisi wazee tunakunywa chai. Wakiwa ubongo hawasalimii. Daktari Elisha, kijana mzuri tu aliyelelewa kwa Mungu, aliniamkia shikamoo mwaka mzima. Akaingia ubongo, ikakata. Akatoka ubongo, ikarudi. Nikamuuliza, akasema, "Bibi, kule mtu anakuwa na mawazo."

Baadaye likaja neno ubobezi. Kwamba ubingwa peke yake hautoshi, inabidi ubobee. Bingwa bobezi wa utumbo, bingwa bobezi wa mkojo, wa mishipa ya damu, wa ini. Rezidenti akiwa mwaka wa pili tu ameshaanza kuulizwa na kila mtu anayepita, "Unabobea wapi?" vile binti wa miaka thelathini anavyoulizwa harusini. Aliyejibu kwamba atabaki na upasuaji wa kawaida alipewa pole. Kuna wanasayansi walikuja kutoka Dar es Salaam wakafanya semina nzima kuhusu jambo hilo. Walitugawia kofia.

Na hapa ndipo kosa lilipoanza, na sehemu yangu imo, siifichi. Kila kitengo kilipata kabati lake la chuma, na kila kabati kufuli lake. Kabati bila vitu linatia aibu. Basi marezidenti wakawa wanatumwa kwangu na barua zenye mhuri.

"Shikamoo bibi. Bingwa wetu anaomba vile vibanio virefu vya seti ya tumbo vikae kitengo cha mishipa."

"Marahaba. Tumbo litabanwa na nini?"

"Likitokea mtatuita, bibi. Ufunguo ninao mimi."

Nikatoa. Wiki nyingine wakaja wa mkojo, wakachukua vile vipana vya kuvutia ukingo. Wakaja wa utumbo, wakachukua vile vyenye meno laini, na makoleo mawili ya kushikia sindano. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri, na kweli kila kifaa kilikuwa kinawafaa. Nilitia saini barua zote. Sista Domina alikuwa ameshatangulia mbele za haki, na kile kijiko alizikwa bila kukirithisha mtu. Seti ya tumbo ikabaki rafu ya kati imefungwa vizuri, na ndani yake mikasi miwili, bakuli, kibanio kimoja na koleo moja lililolegea. Kwa nje ungedhani imeshiba.

Miezi ikapita. Kila kitengo kilipasua wagonjwa wake kwa orodha, siku yake, na hakuna aliyeikumbuka seti.

Zaituni aliletwa siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, na gari la wagonjwa kutoka Kondoa. Alikuwa mke wa mkulima wa Busi, umri kama wa mjukuu wangu wa kwanza. Walikuwa wanalima na plau, yeye anaongoza maksai mbele, mmoja akashtuka na kumgeukia. Pembe iliingia chini ya kitovu upande wa kushoto. Kule Kondoa wakamfunga, wakamtundikia dripu, wakamleta kwetu kwa sababu kwetu kuna mabobezi.

Aliyempokea ni rezidenti wa mwaka wa mwisho, Daktari Nuru. Msichana mwembamba, mkimya, mwenye tabia ya kukaa na mimi kukunja vitambaa huku akisoma. Alimpima akapiga simu nne. Mabingwa walikuja upesi, siwezi kusema uongo, wote walikuja. Akaja wa utumbo, akatazama, akasema kuna damu nyingi, huu ni mshipa, aitwe wa mishipa. Akaja wa mishipa, akaona mkojo mwekundu kwenye mfuko, akasema kibofu kimetoboka, mwenye kesi ni wa mkojo. Akaja wa mkojo, akabonyeza tumbo, likawa gumu kama ubao, akasema huo ni utumbo umemwaga, yeye ataingia baada ya mwenzake kumaliza. Utaratibu wao ulikuwa kwamba mwenye kesi ndiye anayefungua tumbo, wengine wanaitwa kwa sehemu zao. Pembe ya ng'ombe haikuwa imezungushwa kwenye vitengo. Ilipita tu.

Wakaenda chumba cha chai kujadili. Mimi nilibaki mlangoni pa thieta na Zaituni kwenye kitanda cha magurudumu. Alikuwa na midomo mikavu.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba mwanangu."

"Mbona wananichungulia wanaondoka?"

"Wanatafuta mwenye kesi. Anayehusika na hili tumbo."

Akafumba macho kidogo. "Si mimi hapa?"

Nikamlowanisha midomo kwa pamba. Akaniambia ana mtoto anaitwa Shabani, hajaota meno, amebaki na bibi yake, na maziwa yamemjaa kifuani yanamuuma kuliko tumbo. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Mapigo yake yalikuwa yanakimbia, nayaona shingoni.

Saa sita Daktari Nuru aliingia chumba cha chai. Mlango ulikuwa wazi nikasikia yote. Alisimama mbele ya mkuu wa idara, naye bobezi wa ini, wa nne kati ya waliopigiwa simu.

"Mkuu, mgonjwa anaondoka. Naomba nifungue mimi, kila bingwa atashika sehemu yake akiwa tayari."

"Nuru, una mtihani miezi mitatu ijayo. Akikufia mkononi, aliyefungua ni wewe."

"Najua, mkuu."

Mtu akakoroga chai.

"Haya, fungua," mkuu akasema. "Lakini usiguse kitu mpaka mwenye sehemu aingie."

Mpaka leo sijaelewa tumbo linafunguliwaje bila kugusa kitu. Nuru akasema sawa mkuu, akatoka anakimbia. Daktari wa usingizi, Daktari Kessy, alikuwa ameshatayarisha dawa zake toka asubuhi. Akasema, "Mimi namlaza sasa hivi. Nikiendelea kuwasubiri nitamkuta amejilaza mwenyewe."

Sista Happy akavaa glovu, akasema, "Bibi, seti ya tumbo."

Nikaichukua rafu ya kati. Nilijua kilichomo kabla sijaifungua, na mikono yangu ilikuwa mizito kuliko siku ya ule mguu. Happy alipoifunua aliniangalia mimi, halafu akaangalia ile mikasi miwili.

"Funguo ziko wapi?"

Wa mishipa ulikuwa mfukoni mwa rezidenti aliyekwenda kula nyumbani kwake Kikuyu. Wa utumbo haukujulikana ulipo. Wa mkojo alikuwa nao Daktari Elisha, na Elisha alikuwa ukumbini mjini kwenye warsha, na simu yake imezimwa kwa heshima ya mtoa mada. Mada ilikuwa ushirikiano kati ya vitengo.

Nuru, glovu mikononi, akaniambia bila kugeuka, "Bibi, niletee chochote kinachobana."

Seti pekee isiyokuwa na kufuli siku hiyo ilikuwa ya mifupa, kwa sababu ilikuwa kwangu inasubiri kuoshwa. Ndani yake kuna nyundo na patasi ya kukatia mfupa, chuma cha Ujerumani. Nikaenda kwenye makabati. Kufuli la mishipa lilikubali pigo la tatu. La utumbo, la pili. La mkojo lilikuwa zuri, nililipiga mpaka bawaba ikatoka na mlango. Nikabeba vifurushi vyote mikononi kama kuni, vimefungwa vile vile nilivyovifunga mimi mwenyewe, nikamfungulia Happy kimoja kimoja.

Tumbo lilipofunguliwa damu ilipanda mpaka ukingoni. Nuru aliingiza mkono, akatafuta kwa vidole, akasimama. "Nimeupata," akasema. Alikuwa amekandamiza mshipa kwa kidole. Akakaa hivyo muda ambao mimi niliuona mrefu sana. Nilimtazama machoni juu ya barakoa, nikajua hajui kinachofuata. Hajui, lakini kidole hakitoi.

"Kessy, anaendeleaje?"

"Yupo. Usitoe."

"Bibi, nihesabie gozi, kwa sauti."

Nikahesabu. Akaomba kibanio kirefu, Happy akampa, akabana juu ya kidole, akabana chini, akashona polepole kama mtu anayeshona nguo ya mwenyewe. Akahamia kwenye utumbo. Kipande kirefu kama mkono wangu toka kiwiko hadi kiganja kilikuwa cheusi. Saa tatu kingekuwa chekundu, hilo nawaambia kwa sababu nimeviona vyote viwili. Akakikata, akaunga. Akashona kibofu. Alikuwa anafunga nje ndipo mabingwa walipoanza kuingia, wanne, wamevaa vizuri, kila mmoja akachungulia sehemu yake akasema ipo sawa. Wa mkojo akauliza gozi zimetimia. Nikamwambia zimetimia toka wewe uko chai.

Kwenye ripoti waliandika majina ya mabingwa wanne kwa mpangilio wa cheo. Nuru aliandikwa msaidizi. Zaituni hakuisoma. Siku ya tano aliomba uji, siku ya saba shemeji yake alimleta Shabani mgongoni, na mtoto alipowekwa kifuani wodi nzima ilinyamaza kumsikiliza anavyonyonya.

Kikao kiliitishwa, kama mnavyojua kwetu hakuna kinachopita bila kikao. Ajenda ilikuwa makufuli.

"Nani alivunja?" mkuu akauliza.

"Mimi, mkuu."

"Kwa kibali cha nani?"

"Cha Zaituni."

Bingwa wa mifupa akasema patasi yake imepoteza makali, na kwamba ile ni kwa ajili ya mifupa, si chuma. Nikamwomba radhi yeye, kwa sababu yeye kweli hakuwa na kosa. Halafu Nuru, ambaye hakuwa kwenye orodha ya wasemaji, akasimama akaeleza yule mama alisubiri saa ngapi na kipande gani cha utumbo kilitupwa kwa kusubiri. Hakumtaja mtu. Hakuna aliyeandika alichosema, lakini hakuna aliyemkatiza pia. Mkuu alikuwa anaangalia meza. Mwisho akasema kwamba kuanzia siku hiyo anayepokea ndiye anayefungua, mengine yatajadiliwa tumbo likiwa wazi. Utaratibu huo upo mpaka leo ubaoni, karatasi imepauka.

Mtihani Nuru alifaulu. Mlitegemea niwaambie kwamba amebaki daktari wa kila kitu kama Mathayo, na mimi nilitegemea hivyo. Alikuja na fomu mkononi, anakwenda kubobea mishipa.

"Bibi, usinikasirikie."

"Nakukasirikia nini?"

"Siku ile kidole kilikuwa juu ya mshipa na sikujua cha kufanya. Nilibahatisha. Sitaki kubahatisha tena."

Nikaona ana haki, na haki yenyewe ilinichoma, kwa sababu nilikuwa nimeshajiandalia maneno ya kuwasema mabobezi wote. Nikamwambia aende. Nikamwambia ajifunze mshipa mpaka auote, ila siku akirudi, asije akaniletea barua ya kuomba kabati.

Maana barua zilianza tena wiki ile ile ya kikao. Makufuli mapya yalinunuliwa, na marezidenti wakaja mmoja mmoja, shikamoo bibi, tunaomba vifaa vyetu. Mimi nilikuwa nimeshaviosha. Vibanio virefu, vipana vya ukingo, vyenye meno laini na makoleo ya sindano, nilivipanga vyote kwenye sinia moja kama Domina alivyonifundisha, nikavifunga, nikavichemsha, nikaviweka rafu ya kati. Nikawaambia vimeshachemshwa pamoja, haviwezi kutenganishwa. Jambo hilo halina ukweli wowote, vinatenganishwa vizuri tu, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufanya kazi yangu, kwa hiyo waliamini. Wale waliotaka vya kwao, hospitali iliwaagizia vya kwao.

Sasa mimi sipo, na nimewaambia siri yangu. Itunzeni. Kila Jumatatu fungueni sinia, hesabuni kwa vidole si kwa macho, fungeni, chemsheni, rudisheni rafu ya kati. Akija mtu na barua yenye mhuri anaomba kibanio kimoja tu, kwa wiki moja tu, mpeni kiti, mpeni chai, mwambieni kinatumika. Akifika rafuni akaona hakitumiki, mwambieni bado kinatumika.